Salamu Zimekwisha

Daktari aliuliza, kwa lugha ya mji ule wa baridi, mgonjwa anaendeleaje. Saumu alikuwa amewakalimania wagonjwa kumi na mmoja tangu asubuhi, na koo lilikuwa limemkauka. Akaligeuza swali kama lilivyo: "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu," alijibu Bi Mkejina. "Namshukuru Mungu."

Saumu akatafsiri. Daktari akatabasamu, akaandika kwamba mama huyu ni mzima, akafunga faili.

Mkalimani haongezi, hapunguzi, wala hasemi lake. Saumu aliitia saini karatasi yenye sharti hilo siku aliyoajiriwa. Lakini kabla ya kuingia, walipokuwa nje wakingoja kuitwa, Bi Mkejina aliushika mkono wa Saumu, akaubana kwapani mwake mwenyewe, penye uvimbe mgumu kama kokwa ya tende. "Mwezi wa tano huu tangu uanze," alinong'ona. Humu ndani ameamkiwa, na kwao mtu akiamkiwa hujibu kwa wema kwanza, hata akiwa hoi kitandani. Maradhi huja nyuma ya salamu. Daktari hakuyangoja. Alikwisha simama amwite mwingine.

"Subiri kidogo, daktari," alisema Saumu. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya kwanza kuyasema katika chumba kile, na huenda yakawa ya mwisho. Akamgeukia Bi Mkejina. "Mama, salamu zimekwisha. Sasa sema ugonjwa."

"Alaa. Nami nangoja niulizwe habari za mwili, kumbe ndiyo naagwa."

Akaivuta kanga begani, akauinua mkono wa kushoto, akauacha juu, mbele ya daktari.