Aliyesinzia Kaburini

Siku Elinah alipozikwa, mama yake alisinzia kaburini.

Udongo ulikuwa bado unashuka. Wanawake wa kijiji cha Merikit walikuwa wakiimba, na katikati ya ubeti kichwa cha Amulen kikaanguka kifuani. Jirani yake Taaka, Msamia aliyeolewa huko, akamfinya mkono. Amulen akafungua macho, akalitazama shimo kama aliyesahau ni la nani, kisha akalia.

"Mwacheni," Taaka akawaambia wenzake. "Majonzi nayo yanalaza mtu."

Upande wa pili wa nyumba alisimama Erisa, mume wa marehemu, amegeuza mgongo. Ndivyo desturi ya Iteso ilivyotaka. Mkwe na mama wa mke wake hawatazamani, hawasemezani, hawali pamoja. Hata msibani.

Erisa alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika dispensari ndogo iliyokuwa kwenye njia ya Busia. Vita vya Wazungu vilikuwa vimemchukua daktari, na watu wakawa wanamwita yeye daktari. Elinah alipopata homa, alimpa kwinini. Alipoanza kulala mchana, Erisa alisema ni mimba.

Amulen alikuwa na mengi ya kumwambia mkwe wake, maana yeye na binti yake walikuwa wakikata mafunjo pamoja mtoni. Aliyasema nyuma ya nyumba, kwa Taaka, ili ayafikishe. Taaka alikuwa na haraka ya soko. Lililomfikia Erisa lilikuwa moja tu: "Mama anasema ni homa."

Baada ya matanga, watu walimwona Amulen akipungua. Aliacha uji wa wimbi ukaungua jikoni naye ameketi palepale. Alisinzia akipeta nafaka, ungo ukamwangukia miguuni, kuku wakala. Waliopita kwake walipunguza sauti. Mchungaji alimwambia amwachie Mungu.

Asubuhi moja alichukua fimbo, akaenda dispensari.

Benchi lilikuwa limejaa. Taaka alikuwepo na kikohozi chake.

"Eh, mama Elinah! Wewe unakwenda wapi? Aliye ndani ni mkwe wako, au umesahau? Unataka sisi wote tufunge macho?" Watu wakacheka. "Kaa hapa. Niambie mimi, nitakupelekea."

"Ulinipelekea mara moja," Amulen akasema. "Leo napeleka mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua amefuata nini. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji alinong'ona kwamba kesi kama hii ni ya kwa chifu, na kwamba mama huyu akimaliza kusema, Erisa hatakuwa na kazi tena.

Erisa alipomwona mlangoni aligeukia ukuta upesi, chupa ya dawa mkononi.

"Geuka, Erisa."

"Mama, ni mwiko."

"Najua. Geuka unisikilize, wala usinikatize."

Akageuka, macho yake sakafuni. Nje, hata Taaka alikuwa amejizuia kukohoa.

"Kwanza lilitoka jipu," Amulen akasema, "juu ya kifundo cha mguu, pale alipouma yule nzi mkubwa wa mtoni. Likapona lenyewe. Halafu homa. Inakuja, inakwenda, inarudi. Kichwa kinauma mpaka kwenye meno. Mchana usingizi unakamata mtu na jembe mkononi, usiku macho makavu. Na nyuma ya shingo kuna uvimbe, mdogomdogo, kama punje za mahindi."

Erisa aliweka chupa mezani.

"Mbung'o," akasema. "Ni malale. Hakuna aliyeniambia habari ya jipu. Hakuna aliyeniambia shingo."

"Hukuuliza. Na mimi sikuja."

Dresa akaanza kulia, mbele ya wagonjwa wake wote.

"Nisamehe, mama. Ningeyajua haya, ningempeleka Tororo mapema. Elinah angekuwa hai."

"Elinah nimeshamlilia," Amulen akasema.

Akavua kitambaa cha kichwa, akainama. Akaushika mkono wa mkwe wake, akauweka nyuma ya shingo yake mwenyewe.

"Gusa."

Sasa Amulen yuko hospitali Tororo, kitanda cha karibu na dirisha, anadungwa sindano. Erisa anapokwenda kumwona, huingia kwa mlango wa mbele, akamtazama usoni.