Kabla ya Mwisho wa Agosti

"Desemba haipo," alisema Kapteni Kashaija. "Mtihani wako ni Agosti, mwanangu, au hakuna mtihani."

Jovitha alikuwa ameileta kalenda nzima ya parokia, ameikunja kwenye begi la shule. Alikwishaipanga kwa kalamu nyekundu: Novemba mtihani wa kidato cha nne, Desemba leseni ya urubani. Kila mwenye akili angepanga hivyo. Agosti kulikuwa na mtihani wa majaribio wa mkoa, na tarehe tisa ya mwezi huo ndiyo kwanza angetimiza miaka kumi na saba, umri wa leseni.

"Kwa nini Agosti, Kapteni?"

"Mwisho wa Agosti ninaitwa Dar. Nikienda huko, hatutaruka tena."

Hakusema anaitwa na nani. Jovitha aliiona bahasha yenye mhuri wa serikali ikichungulia mfukoni mwa shati lake. Haikuwa imefunguliwa.

Nyumbani Buswelu, mama yake aliposikia hayo aliweka mwiko chini. Annet alikuwa mwanamke wa Bukoba asiyejua kuficha jambo moyoni.

"Anaitwa na polisi huyo! Tangu waruhusu ndege za watu binafsi, kila mwenye injini na mabawa ni mfanyabiashara. Mama Odeta hapo jirani kaniambia dhahabu inapita angani siku hizi. Anataka mtoto wa watu ambebee mzigo, yeye akiwa ndani."

"Mama, jamani!"

"Jamani nini? Niambie, mkiwa huko juu anakuuliza nini?"

Maswali ya Kapteni yalikuwa yameanza kumtia hofu hata Jovitha. Kila walipopita juu ya Kigongo, mzee alitaka kujua kivuko kiko upande gani, malori mangapi yanangoja, yamefunikwa turubai au la. Juu ya ziwa aliuliza kila mtumbwi. "Niambie unachokiona, usiache hata kimoja." Akisita kidogo tu, alifokewa. Safari zote aliandika Jovitha kwenye daftari. Kapteni alitia saini basi. Na rubani mwingine hakutakiwa kupanda nao, hata siku moja.

Lakini tuseme haki, mzee alikuwa mwalimu! Alijua ndege inashuka kabla mshale wa kipimo haujasogea. Injini aliisikia kama mama anavyosikia kikohozi cha mwanawe. Mikono yake ilikaa magotini muda wote. "Ndege ni yako," alikuwa akisema.

Marehemu Cleophace, baba yake Jovitha, alikuwa fundi wa ndege ya Kapteni miaka kumi na moja. Alipokuwa akikata roho, Kapteni alimwahidi kwamba binti huyu atakuwa rubani. Ni kwa ahadi hiyo tu Annet alimeza mate, akaikubali Agosti, na usiku akalia.

Uwanjani watu walimheshimu mzee. Kapteni hakuwa mtu wa kuanza salamu. Alisimama akangoja shikamoo yako, kama wazee wote, kisha akaitikia kwa jina. "Marahaba, Jovitha." "Marahaba, Machibya," kwa mlinzi wa getini. Halafu mkono begani mwa binti, wakaenda polepole hadi kwenye ndege. Nani angeshangaa babu kusindikizwa na mjukuu?

Katikati ya Juni, saa nne asubuhi, Kapteni hakupanda. Alibaki kwenye nyasi kando ya kibanda cha mafuta.

"Leo peke yako. Mzunguko mmoja. Una saa kumi na nane na mimi, zinatosha."

Upepo ulikuwa ukilisukuma ziwa, maji yamekuwa meusi hadi kwenye mawe. Kule kwenye uzio Jovitha alimwona mama yake ameshika rozari kwa mikono miwili.

"Na nikikosea, Kapteni?"

"Hakuna wa kukushika. Lakini mpaka leo hujanikosea."

Akaruka. Kiti cha mwalimu, upande wa kulia, kilikuwa kitupu, na utupu ule ulimtisha kuliko maji. Hakuthubutu kukitazama. Kwa mazoea akajikuta anasema kwa sauti yote anayoyaona: kisiwa cha Saanane kile pale, mitumbwi mitatu, moshi wa wakaanga samaki, uwanja mbele yangu. Sauti ikamtuliza. Upepo ulimsukuma kushoto, akairudisha ndege, akapunguza injini, magurudumu yakagusa lami. Mungu mkubwa! Yuko chini, mzima.

Akaegesha kando, mwisho wa uwanja, akazima injini na kukimbia kwenye nyasi hadi kwa mwalimu wake. Nyuma yake ilikuwa imetua ndege ndogo ya mapadri, inageuka taratibu kuelekea kibandani. Alitaka kusema, "Kapteni, nimerudi," lakini akaona amwachie mzee aseme kwanza. Akasimama hatua tatu mbele ya mzee, akitabasamu, akingoja apongezwe.

Kapteni Kashaija, uso unang'aa kwa furaha, aliipungia mikono miwili ndege ya mapadri.

"Umeweza, Jovitha! Cleophace, umemwona mwanao? Zima injini, mwanangu, njoo hapa!"

Jovitha aliacha kutabasamu. Akasogea hatua moja, nyingine, akainua mkono na kuupitisha polepole mbele ya macho ya mzee. Hayakupepesa. Na Dar ndiko marubani huitwa kupimwa macho.

Saa kumi na nane juu ya ziwa. Leo haikuwa mara yake ya kwanza kuruka peke yake.