Nani Anaula Mti wa Krismasi?

"Hivi, Mama Pazia, mtu akila pambo la Krismasi, tuseme amekula au ameharibu?"

Jirani ndiye aliyeuliza, siku ile mti uliposimamishwa sebuleni. Mtaani wanamwita Nesi Mizani, maana aliustaafu unesi lakini mizani hakuistaafu. Huibeba kwapani nyumba hadi nyumba, kama wenzake wanavyobeba Biblia. Aliuliza huku akimtupia jicho seremala, mume wa Mama Pazia, aliyekuwa kitini pembeni, tumbo kalipakata kama mtoto.

Mama Pazia akacheka. "Amekula na ameharibu, dada. Makosa mawili kwa mpigo."

Mti wenyewe ulikuwa wa kujitengenezea. Seremala aliuunga kwa mabaki ya mbao, mkewe akauvika vitambaa vya kijani vilivyosalia kwenye mapazia ya wateja. Kisha akatundika nyota za biskuti alizooka kwa mkono wake, na shanga za bisi zilizotungwa kwa uzi. Nyumba nzima ikanukia mdalasini.

Tatizo ni kwamba daktari alishamkataza seremala vitamu. Nesi Mizani akajitolea, kwa upendo wa Kikristo, kuja kila siku kumpima na kuisimamia sahani yake: nusu mboga, robo wali, robo nyama au maharagwe.

"Na usirundike," alimwonya. "Sahani ni uwanja, mzee, si kichuguu."

Seremala alitii. Ila nyota zikaanza kupungua. Leo moja, kesho mbili, na shanga za bisi zikabaki uzi mtupu.

"Baba watoto, hata haya huna? Unaitafuna nyota ya Bethlehemu?"

"Si mimi, mke wangu. Naapa..."

"Usiape. Kiapo hakitoki kwenye kinywa chenye makombo."

Mama Pazia si mwanamke wa maneno matupu. Alichukua sindano, akaishona mifuko yote ya mumewe ikazibika. Nyota zikapungua. Akamshonea njuga kwenye pindo la shati, kila akijongea zinalia kama mbuzi karudi zizini. Njuga zilinyamaza, na nyota zikapungua vilevile. Mwishowe hata suruali ilianza kumshuka mzee wa watu, akawa anaishikilia kwa mkono akienda kanisani.

"Huoni ninavyokonda?" akalalamika.

"Unakonda kwa hila."

Mama Pazia akamwuliza nesi, kwa kuwa ndiye mwenye ujuzi. Nesi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Sukari ina ujanja wake, dada yangu. Humkondesha mtu kwanza ili asishukiwe."

Kupima nako kulikuwa na utaratibu wake. Mama Pazia alitumwa jikoni kumchemshia nesi maji ya kunywa, na yachemke hasa. Seremala alipanda juu ya mizani, uso ukutani, macho kayafumba, mikono juu, akiimba wimbo wa kanisani beti zote, maana mshale wa mizani ukitazamwa hautulii.

"Na asigeuke," nesi alisema. "Akigeuka, tunaanza upya."

Siku moja seremala alishuka kwenye mizani, akasema, "Humu ndani mna panya. Nimemsikia akitafuna."

"Panya mwenye njuga," mkewe akamkata.

Mkesha wa Krismasi, nesi akatoa hukumu. Nyota ikipungua tena kabla ya chakula cha sikukuu, seremala atasimama mbele ya watoto na wakwe akiri kuwa ni mwizi, kisha ale kabichi ya kuchemsha mpaka Pasaka. Seremala alimtazama mkewe, kama mtu anayesubiri shahidi wake aitwe. Mama Pazia akageuza uso. Tangu waoane hakuwahi kumwita mumewe mwizi mbele za watu, na neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini sheria ni sheria. Akaoka nyota mpya, akampa sinia zima azitundike mwenyewe, asipate pa kujitetea.

Siku yenyewe watoto wakaja na wakwe wakaja, wakajaa barazani wakisalimiana. Meza ikapambwa kwa kuku, wali na mboga za kila rangi. Nesi alikuwa ameshatangulia sebuleni, mzee apimwe kabla ya kula. Maji yakachemka, wimbo ukaimbiwa ukuta. Mama Pazia alipotoka jikoni alimkuta nesi ameziba kinywa kwa leso.

"Vipi, dada?"

Nesi akaonyesha koo kwa kidole. Sauti imekauka.

"Pole." Mama Pazia akautazama mti. Tawi la mbele lilikuwa tupu.

Wote walipokwisha kuketi, alisema, "Baba watoto, simama uwaambie wanao."

Seremala akasimama. Njuga zikalia. Wajukuu wakaangua kicheko, mkwe mkubwa akainamia sahani yake.

"Wanangu, naungama," alisema. "Biskuti za mama yenu zote ziko salama, nimezifungia kwenye kopo langu la misumari. Zile za mtini nilizichonga mimi jana, kwa sabuni ya kufulia, nikazipaka mdalasini."

Mama Pazia, asijue acheke au alie, akaona heri amkimbilie Mungu. "Nesi, tuombee chakula."

Nesi akakataa kwa kichwa.

"Usituonee haya, dada. Hata kwa sauti ya kukwaruza, Bwana anasikia."

Macho yote yakamgeukia. Nesi Mizani akainuka, akafumba macho, akafungua kinywa. Kiputo kikubwa kikachomoza midomoni, kikapaa taratibu juu ya kabichi, kikapasukia puani mwa mkwe mkubwa.

Nesi akasukuma kiti nyuma, akapita katikati ya wakwe, akatoka, mizani kwapani.