Njia Isiyo na Mtu

Haya alinieleza Wilbroad mwenyewe mwaka jana, msimu wa asali, amekaa jikoni kwangu hataki kuniangalia.

Alipiga picha za vita miaka mingi, kisha akachoka na maiti, akawa anapiga mandhari tu. Siku hiyo alikuwa nje ya Urambo, anaitaka ile njia ya kale ya misafara ikiwa tupu kabisa. Lakini ukingoni kulikuwa na mwanamke analima shamba lake la tumbaku.

"Dada, sogea kidogo, utoke kwenye picha."

Mwanamke akaegemea jembe, akamtazama sana.

"Kule Burundi, kabla sijakimbilia huku, uliniambia nisisogee. Nilikuwa nimempakata mwanangu, ameshakufa, nawe ukaifunua kanga usoni mwake."

Wilbroad akashusha kamera. Akakifunga kifuniko cha lenzi.

"Sikulaumu, kaka. Ila nipe hiyo picha. Sina nyingine, na uso wake umeanza kunipotea."

"Nilizichoma zote," akasema, "na filamu zake. Nilitaka nipate usingizi."

"Ukaupata?"

Akatikisa kichwa.

Mwanamke akatandika mkeka kivulini, nyuma ya nyumba yake. "Basi lala, kaka. Usingizi huo umenigharimu mimi."

Aliona haya kukataa. Akajilaza mchana ule ule, akajifunika koti usoni, akawa anasikia jembe likipiga ardhi, likipiga, mpaka usingizi ukamchukua.