Zamu ya Boamah

Chungu kilimwita mjomba mara mbili njiani, na mara zote mbili Boamah akajifanya hasikii. Alikibeba kichwani juu ya ngata, mchuzi wa chikichi ukitikisika ndani, akapita nyuma ya kanisa ambamo kijiji kizima cha Asuboni kilikuwa kikisikiliza mahubiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya chama. Wachawi wa usiku hukamatwa. Wa Jumapili asubuhi hakuna anayewatafuta.

Aliyekuwa chunguni ni Nimako, mtoto wa pekee wa dada yake. Mwili wake ulikuwa umelala mkekani kwa mama yake tangu jana, ukipumua kwa mbali, na majirani wakisema ni malaria. Jana hiyo Boamah aliinama juu ya chungu kitupu, akalitaja jina lake, naye Nimako, akiwa shambani akimpalilia mjomba wake mihogo, akaitika. Hakuwa na sababu ya kutoitika. Palepale chungu kikawa kizito, na ndani yake mkawa na nyama.

"Mjomba," kilisema tena, kwa adabu, kwa sauti ambayo aliyeiita roho ndiye pekee awezaye kuisikia. "Huku kuna joto."

"Vumilia, mwanangu. Tunakaribia kufika."

Kigoda chake katika chama alikirithi kwa mama yake, na urithi ule haukataliwi: asiyetimiza zamu huliwa yeye. Tena zamu hulipwa kwa damu ya tumbo la mama. Watoto wa Boamah mwenyewe walikuwa wa ukoo wa mama yao, na uchawi wake haukuwafikia. Dada na mpwa ndio waliokuwa mkononi mwake. Mwanya ulikuwa mmoja tu. Roho ikishamezwa hairudi, lakini kabla ya tonge la kwanza, mchuzi ukimwagwa chini, mwenye roho huamka akaomba maji.

Boamah aliutegemea mwanya huo. Njia nzima alijiapia kwamba akiona uso mmoja tu ukisita, atajikwaa, na chungu kitapasuka.

Ndani ya ghala bovu la kakao walimngoja wenzake wawili: Maame Konadu, mwenyekiti, bibi muuza vitambaa, na Asiamah mhunzi, ambaye pia ndiye mpiga ngoma wa kwaya.

"Umechelewa," alisema Asiamah. "Mahubiri yakiisha sijakaa kwenye ngoma yangu, mchungaji ataniuliza nilikuwa wapi, nami sitaki kumdanganya mtumishi wa Mungu."

"Mwache apumue, ni zamu yake ya kwanza," alisema Maame Konadu. "Karibu, mwanangu. Umetuletea nani?"

"Nimako. Mpwa wangu."

"Yule aliyeanguka jana? Nasikia bado anapumua."

"Bado."

"Una haraka wewe," alicheka Asiamah. "Mimi nilipomleta kaka yangu, hata chakula cha matanga kilikuwa kimekwisha kuliwa."

Boamah aliutazama uso wake, kisha uso wa bibi. Hakuna uliosita. Ndivyo walivyokuwa mwaka mzima alipowauliza namna ya kuikamata roho: bibi alimjibu kwamba hayo hayaulizwi, na Asiamah akaanza kuzungumzia bei ya chuma. Alidhani wanamdharau kwa ugeni wake. Ndipo alipovuka mto kwenda kwa kikongwe mmoja kipofu, akajifunza kwa tabu, na aliporudi hakutaka kumtazama mtu machoni.

"Mama yako alikuwa hodari," alisema Maame Konadu, akiosha mikono. "Alipotuletea mdogo wake, tulilamba vidole."

Boamah aliinamisha kichwa. Mama yake mdogo aliugua muda mrefu hata seremala akaja kumpima jeneza angali hai, na yeye, Boamah, ndiye aliyekuwa akimlisha uji. Tangu alipojua jinsi alivyoishia, machozi yake kwa marehemu mama yake yalikuwa yamekauka.

"Labda tungeahirisha," alisema. "Mchuzi umezidi chumvi."

"Tutaula na chumvi yake."

"Na pilipili sikutia."

"Boamah," alisema Asiamah kwa ukali, "unataka tuseme zamu imekushinda?"

Ilikuwa nafasi yake ya kujikwaa. Chungu kilikuwa kingali mikononi mwake, na sakafu ya ghala ilikuwa ya mawe. Akawaza habari ya yeye mwenyewe kuliwa. Akakiweka chini polepole, kwa uangalifu, lisimwagike hata tone.

"Mjomba?" kilisema chungu.

Maame Konadu alifunua, akamega tonge la fufu ya mihogo aliyokuja nayo, akachovya, akabana kipande cha nyama kwa vidole viwili, akatafuna, akameza.

Chungu kikanyamaza.

Asiamah alikula kwa pupa, sikio lake likiwa kanisani. Boamah naye alipewa kipande chake, akakimeza bila kukitafuna, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni. Mhunzi aliona aibu kumtazama. Akanawa, akaaga, akatoka mbio kwenda kwenye ngoma yake.

Maame Konadu alingoja hatua zake ziishe. Kisha akasogeza kigoda karibu, akamfuta Boamah uso kwa ncha ya kitambaa chake.

"Nyamaza, mwanangu," alimnong'oneza. "Hata mimi zamu yangu ya kwanza nililia hivihivi, nikidhani watanigundua. Hakuna anayegundua. Ila huyu mbuzi wako ni laini ajabu, umemnunua wapi?"