Mfuko wa Bi Zamda

“Hakuna nisilolijua kuhusu watoto,” Bi Zamda alimwambia nesi, “ila huyu mjukuu wangu njiti, sijui hata nimshike wapi.”

Nesi akamlaza mjukuu kifuani pa Bi Zamda, ngozi kwa ngozi, akawafunga kanga. “Akipoa tutampoteza, bibi. Watoto wetu hukomaa tumboni, huyu kawahi kutoka. Mtoto wa kangaruu huzaliwa mdogo kama haragwe, haoni, akatambaa mwenyewe hadi kwenye mfuko wa mamaye, akashika titi, akakulia humo. Leo mfuko ni wewe.”

“Haoni? Sasa njia anaonyeshwa na nani?” Bi Zamda alinong'ona, kimoyo kikidunda juu ya moyo wake.

Saumu, mama mtoto, akaja. “Mama, zamu yangu.”

“Amelala fofofo, usimwamshe.”

Saumu akafunua kanga kidogo. Macho mawili meusi yalikuwa kodo, yakimtazama.