Gitaa la Mtaa wa Olvera

Kwa mara ya nne Anselmo Quiroga alikikaribia kibanda cha magitaa, na kwa mara ya nne miguu ikamgomea, akapitiliza.

"Mzee, mkeo kakupotea?" muuza taquito, vimkate vya nyama vya kukaanga, alimtania kutoka dirishani kwake. "Njoo ule kwanza! Akisikia umeshiba atarudi mwenyewe."

Watu wakacheka. Anselmo akainamisha kichwa, akaukumbatia mfuko wake wa gitaa.

Miaka thelathini na minane hakuwa amekanyaga pale Mtaa wa Olvera. Jiji zima la Los Angeles lilianzia kwenye uwanja wa hapa na vichochoro vyake, ambako sasa Wameksiko wana soko lao. Aibu yake nayo ilianzia hapa. Alikuwa na miaka ishirini, ana njaa na vidole vyepesi. Siku ya sikukuu, watu wamesongamana kutazama wacheza ngoma, alilitungua gitaa kwenye ukuta wa kibanda hiki akaondoka nalo taratibu, kama lake.

Gitaa lile lilimlisha. Lilimpatia mke, likasomesha mabinti zake wawili. Lakini kila aliposhangiliwa harusini, uso ulimwaka. Sasa vidole vilikuwa vimekakamaa, na alikuwa ameapa kulirudisha na kusema ukweli.

Mara ya tano aliingia.

Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa akifuta vumbi. "Karibu, mwanangu. Chagua, bei tutaelewana."

"Sikuja kununua, mama." Akaufungua mfuko.

Kitambaa kikamdondoka bibi. Alipitisha kidole kwenye ua dogo la gamba la kome lililopachikwa karibu na tundu la gitaa. "Hili alilitengeneza marehemu mume wangu. Liliibwa hapa hapa. Umelipata wapi?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Anselmo aliyaona macho yale mapole, akawaona na wateja wawili waliogeuka kusikiliza.

"Nililinunua, mama. Zamani. Sikujua ni la wizi. Nilipokuja kujua, roho ikanisuta."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kijana tu, hapo uwanjani."

"Kijana gani?"

Uongo wa kwanza ulitaka wa pili. "Mwembamba. Nywele zimefika mabegani. Jina sikumuuliza." Ndivyo alivyokuwa yeye mwenyewe siku zile.

Bibi alipapasa nyuma yake, akapata kiti, akakaa. Mmoja wa wateja akampigapiga Anselmo begani: "Hongera, mzee. Watu kama wewe wamebaki wachache."

Anselmo alitamani ardhi immeze. Hata hivyo, moyoni alijiambia kwamba limekwisha. Gitaa limerudi kwao, na hakuna aliyeumia.

"Mungu akubariki," bibi alisema hatimaye. "Mume wangu alimfukuza mwanetu wa pekee kwa ajili ya gitaa hili. Rogelio aliapa hakuliiba, akaondoka analia, akafia huko ugenini. Ukoo mzima ulimwita mwizi. Ni mimi peke yangu niliyemwamini, miaka yote hii."

Akaufunga mfuko polepole.

"Rogelio naye alikuwa mwembamba, nywele zimefika mabegani. Kumbe baba yake hakukosea."